Watu Wawili Kwenye Kamba

Fundi aliposikia ni wati kumi tu, aliweka chini redio ya mteja, akavua miwani, akanitazama kama mtu anayehakikisha kwamba aliye mbele yake ni mzima.

"Wati kumi, mwalimu? Na machuma yote haya?"

"Kumi kila upande, mzee."

"Hata pikipiki ya kutangaza mnada inakushinda."

Sikumlaumu. Katoro ni mji wa makelele. Ukishuka stendi jioni, duka la simu linakupokea na muziki wake, hujaumaliza linakukabidhi kwa mhubiri, mhubiri naye anakukabidhi kwa muuza sumu ya panya mwenye kipaza sauti kisichochoka. Sabufa zimepangwa milangoni juu ya makasha yaliyoandikwa wati elfu kumi, elfu kumi na mbili. Niliwahi kuifungua mojawapo nikakuta fyuzi ya ampea moja. Ampea moja kwa umeme wa volti 230 ni wati 230, tena uwe umeukamua mpaka tone la mwisho. Hizo elfu nyingine zimo kwenye wino wa kasha. Lakini macho ya watu yameshazoea sifuri nyingi. Mimi nilikuja na bahasha inayosema kweli, nikaonekana sina kitu.

Ilikuwa seti ya vipuri vya amplifaya ya klasi A. Niliiagiza China kwa simu, ikatua Dar es Salaam, ikapanda basi, ikashushwa Katoro pamoja na matairi ya baiskeli na kreti ya vifaranga. Ndani yake mlikuwa na bodi mbili za kijani zinazoenea kiganjani, rezista zilizobandikwa kwenye utepe wa karatasi, kapasita, transista ndogo nne, na transista kubwa nne za chuma zenye umbo la jicho. Transfoma haikuwamo. Chuma cha kupozea joto hakikuwamo. Boksi halikuwamo. Walituma akili, mwili wakaniachia nijitafutie.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kidato cha nne kuna mada ya elektroniki, na kwa miaka kumi na moja nimechora transista ubaoni: mduara, mistari mitatu, mshale mmoja. Wanafunzi wameikariri, wameijibia mtihani, baadhi wamefaulu vizuri sana. Transista yenyewe hakuna aliyeishika, mimi nikiwamo. Nilizaliwa Shinyanga mjini, karibu na reli, nyumba iliyokuwa na redio moja ambayo baba alikuwa akiifunika kitambaa kama jeneza la mtoto, na hamu yangu ya kujua kilichomo chini ya kile kitambaa ndiyo iliyonipeleka kwenye fizikia. Nilijikuta na umri wa miaka thelathini na tisa sijafunua bado.

Mchoro ule niliotumiwa ni mkongwe kuliko mimi. Aliyeubuni ni Mwingereza John Linsley Hood, akauchapisha Aprili 1969 katika jarida la Wireless World. Transista nne kila upande, basi. Umeme wa volti 27, mkondo wa ampea 1.2, na spika ya omu 8 inapata wati kumi. Zidisha mwenyewe: 27 mara 1.2 ni wati 32 na kidogo. Unaingiza thelathini na mbili, unatoa kumi, tena hiyo kumi ni siku umeufungulia muziki mpaka mwisho. Mtu anayesikiliza chumbani kwa staha hutumia nusu wati. Nusu wati kwa thelathini na mbili! Zilizobaki zote ni joto. Na ubaya wake, au uzuri wake kama utakavyoona, ni kwamba mashine hii inakula wati zake 32 hata muziki ukiwa umenyamaza. Inakula vilevile. Ukimya unalipiwa bei sawa na ngoma.

Linsley Hood aliipima kazi yake dhidi ya amplifaya ya valvu iliyokuwa na heshima kubwa siku hizo, ya Mskoti aliyeitwa D.T.N. Williamson, iliyochapishwa katika jarida hilohilo mwaka 1947. Mtu wa Shinyanga akisikia jina Williamson anageuka. Kwetu Williamson ni mmoja tu, yule Mkanada wa Mwadui, Dk. John Williamson, aliyeupata mwamba wa almasi mwaka 1940. Majina yamegongana tu. Ila yamegongana kwa namna ya kuchekesha, maana mwaka huohuo wa 1947, mwezi Oktoba, Mwadui ilitoa almasi ya waridi ya karati 54.5, Williamson wetu akamzawadia binti mfalme Elizabeth aliyekuwa anaolewa Novemba. Ilipochongwa London mwaka uliofuata ikabaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ya jiwe ilikwenda vumbi ili iliyobaki ing'are, na sijasikia mtu akiuita ule ubadhirifu.

Hapo ndipo hoja yangu na fundi ilipokuwa inazunguka kwa wiki nzima, yeye akitengeneza pasi za watu na mimi nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Yeye alisema mashine inayopoteza theluthi mbili ya chakula chake ni mashine mbovu. Nikamwambia atoke nje atazame. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya mabanda ya mahindi, makarasha yanasaga mawe ya dhahabu usiku na mchana. Jiwe zuri, jiwe ambalo mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, akilipata anachinja mbuzi, lina gramu tano kwa tani. Sehemu tano katika milioni. Kwa hizo tano watu wanashuka chini na kupiga matimba, wanapanda na viroba mgongoni, wanasaga, wanaosha, wanachoma zebaki, na marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, wanamuuzia mwenye plant ayaloweke tena. Nchi hii imejengwa juu ya kupoteza karibu kila kitu ili kupata kidogo. Kwa nini nusu wati ya sauti ndiyo iitwe wendawazimu?

"Kwa sababu dhahabu unauza," alisema. Hakuinua hata macho.

Sikuwa na jibu, na nadiriki kusema mpaka leo sina.

Sasa nieleze kwa nini mashine hii inakula hivyo, na nitaeleza kwa duara, maana ndivyo nilivyokuja kuwaeleza wanafunzi wangu, wengi wao wakiwa na kaka au baba shimoni. Spika husogea mbele na nyuma. Amplifaya za kawaida, klasi B na ndugu zake, huweka transista mbili zipokezane: mmoja anaisukuma mbele, mwenzake anairudisha. Ni kama watu wawili kwenye winchi ya duara. Mmoja kazi yake kupandisha kiroba, wa pili kazi yake kukishusha, na kila mmoja akiwa hana zamu anaachia kamba na kupumzika. Wanaokoa nguvu sana. Lakini pale wanapopokezana, huyu ameachia na yule hajakaza, kamba inalegea kidogo na kiroba kinashtuka. Kiroba kikiwa kizito na safari ndefu, mshtuko huo huuoni. Kikiwa kiroba kidogo, cha kokoto mbili, kinachosogea kiganja kimoja tu juu na chini, mshtuko unakuwa mkubwa kama safari yenyewe. Ndiyo maana ubovu wa kupokezana hauwaumizi wenye baa. Unaiumiza sauti ndogo: mwisho wa uzi wa gitaa, au pumzi anayovuta mwimbaji kabla ya neno.

Klasi A ni wale wale watu wawili, isipokuwa hakuna anayeachia kamba. Wote wameikaza muda wote, na mmoja akivuta zaidi mwenzake anapunguza bila kulegeza. Hata kiroba kisipokuwapo wamesimama wameishika, wanatoka jasho.

Niliupenda sana mfano huo. Niliutoa darasani mara mbili. Mara ya tatu nilimpa kijana niliyemfundisha zamani, aliyeacha shule kidato cha tatu akaenda machimboni Nyarugusu, na sasa ana mkono wenye kovu na pikipiki yake mwenyewe. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Shikamoo tena mwalimu," akasema, akicheka. "Ila hakuna mtu anayeshika kamba bila mzigo. Pale pana kigingi. Unachomeka kigingi kwenye winchi, unakwenda kunywa chai."

Alikuwa sahihi, na bila kujua alikuwa amevumbua klasi AB, ambayo ndiyo imo katika sabufa zote za Katoro: mkondo mdogo tu wa kusubiri unaachwa upite ili kamba isilegee sana, na ujanja wa mchoro unafanya yaliyobaki. Ile IC ya 2030 ambayo fundi anazo ndoo nzima inafanya hivyo kwa upole, kwa bei ya soda mbili. Wenye akili walishaweka kigingi.

Hata hivyo niliendelea.

Joto ndilo lililonipa safari. Vitabu vya amplifaya vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, na hesabu zao huanzia chumba cha nyuzi 20. Ukiwa na chuma cha kupozea kinachopanda nyuzi moja kwa kila wati, wati 32 zitakipandisha nyuzi 32 juu ya hewa ya chumba. Kwao ni 52, unaweza kuweka mkono. Chumba changu kina bati bila dari. Mwezi wa kumi saa tisa mchana kipimajoto kinasoma 34. Hapo chuma kinafika 66, na ndani ya transista, kwenye punje ya silikoni yenyewe, ni karibu mia. Transista zinavumilia. Kapasita zilizo jirani hazivumilii sana, na mwenye nyumba havumilii hata kidogo.

Chuma cha kupozea cha dukani, chenye mapezi, uzito wa kilo mbili, nilikuta nauli yake kutoka Dar inazidi bei ya seti nzima. Fundi ndiye aliyesema twende kwa wasubu sufuria. Nikapanda basi mpaka Kahama na kielelezo nilichokichonga kwa mbao: kibao kinene chenye mapezi kumi na moja, kila pezi limepunguzwa kidogo kuelekea ncha ili lising'ang'anie mchangani. Wasubu wale huyeyusha chochote cha alumini kinachokuja, vifuniko vya injini, sufuria zilizotoboka, fremu za madirisha, kisha wanamimina kwenye kalibu ya mchanga mweusi. Mzee mmoja alikigeuzageuza kibao changu akauliza kinapikia nini. Nikasema hakipikii, kinapoza. Akaona afadhali asiulize tena. Alitengeneza viwili, akatoza bei ya sufuria mbili kubwa, na alipovitoa mchangani vilikuwa vya kijivu na vinanuka moshi, vina vishimo vya hewa upande mmoja, lakini mapezi yote kumi na moja yalikuwa yamesimama. Alumini ya chakavu haipitishi joto vizuri kama ile ya kiwandani. Fidia yake ni unene.

Upande bapa niliusawazisha kwa mkono. Siku nne, tupa kwanza, kisha msasa uliolazwa juu ya kioo. Hapa nakiri kwamba nilifurahi kupita kiasi. Unapaka wino wa kalamu juu ya alumini, unasugua mara kumi, unatazama wino umebaki wapi: palipobaki ndipo bondeni. Unasugua tena. Mabonde yanapungua, yanakuwa visiwa, visiwa vinakuwa nukta. Mwili wa chuma wa transista ile ndio mguu wake mmojawapo, umeme unapita humo, kwa hiyo hauwezi kugusa kipoza moja kwa moja. Kati yao unaweka kijikaratasi cha ulanga, chembamba kiasi kwamba ukikipuliza kinaruka, na mafuta meupe pande zote mbili. Ulanga unazuia umeme na kupitisha joto. Milima ya Uluguru ilichimbwa ulanga tangu enzi za Mjerumani, na mimi nilikuwa nauona kwa mara ya kwanza ukiwa umetoka China.

Transfoma ilisukwa Shinyanga, na fundi wa kusuka mota aliyetumia kiini cha stebilaiza iliyoungua. Nilimwomba volti 22, kwa sababu zikipita kwenye dayodi nne na kapasita kubwa, zikibebeshwa mzigo, zinatua karibu na 27. Akahesabu mizunguko kwa midomo, bila karatasi, huku akipokea simu. Ilitoka 22.3.

Tulipoiwasha mara ya kwanza upande wa kulia ulikufa.

Haukufa kwa kishindo. Mita ilikuwa inasoma vizuri, kisha namba ikaanza kupanda taratibu kama maji kisimani, kisha ikaja harufu ya samaki anayeungua, kisha moshi mwembamba, na fyuzi ikakatika ikiwa imechelewa. Fundi hakusema neno. Aliing'oa transista kubwa, akaibana kwenye jiliwa, akachukua msumeno wa chuma akaikata kofia yake. Akanipa miwani yake ile ya kukuzia.

Katikati ya kitako kile kipana cha chuma palikuwa na kipunje cha silikoni cha ukubwa wa ulezi.

Kisha akachimba kwenye ndoo, akatoa transista kuukuu yenye namba ileile, 2N3055, iliyotoka kwenye amplifaya iliyokufa ya kanisa, nayo tayari imeungua kwa uzee wake wa halali. Akaikata. Ndani mlikuwa na punje ya mtama. Ulezi na mtama, kofia moja, namba moja, chapa moja. Aliyeipiga chapa ile ya uongo alijua kwamba hakuna mnunuzi anayekata kofia.

"Feki," alisema, bila hasira, kwa sauti ya daktari anayetaja malaria. Katika ukanda huu neno hilo halishangazi. Anayenunua dhahabu hapa haamini rangi: anaichoma kwanza, anaipima kavu, anaipima tena ikiwa ndani ya maji, halafu ndipo anataja bei. Zile pini za kuchomekea nyaya zilizokuja na seti, za rangi ya dhahabu, alikuwa ameshazikwangua kwa kisu tangu siku ya kwanza. Chini ya rangi palikuwa peupe, na chini ya weupe pakawa na shaba ya manjano. "Hii tunaijua," alisema. Tulicheka wote. Ni mimi niliyekuwa nimeacha kupima transista kwa kuwa zilikuwa nzito mkononi.

Transista nne za kweli tulizipata kwa kuvunja maiti za amplifaya za zamani, moja baada ya nyingine, mpaka jozi mbili zikalingana kwenye mita. Hakutaka malipo ya hizo. Nilipomwambia wabeja, asante, alinijibu nimnunulie bando.

Kurekebisha mashine hii ni kazi ya subira zaidi kuliko ya akili. Pana skrubu ndogo, na kazi yake ni kuweka katikati: umeme ukiwa 27, pale transista mbili zinapokutana pawe 13.5, ili kila mmoja awe na nafasi sawa ya kuvuta. Unaweka 13.5, unafurahi. Chuma kinapata moto, namba inateleza. Unasubiri nusu saa, unaweka tena. Halafu jirani anawasha karasha lake la umeme, taa inafifia, 27 inakuwa 24, na katikati pamehama. Nilikaa na bisibisi ya plastiki saa tatu za jioni nikijifunza ratiba ya makarasha ya mtaa wetu kuliko nilivyowahi kuijua. Kidole changu cha shahada kina alama ya pezi la saba mpaka leo.

Ndipo mayu, mama mwenye nyumba, alipotokea mlangoni.

"Mwalimu, unapika nini humo?"

"Sipiki, mayu. Nasikiliza redio."

Aliingia, akaweka kiganja juu ya mapezi, akakitoa haraka, akanitazama kwa muda. Kesho yake akaja na ungo wa matobolwa, viazi vitamu vya kukausha. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza na viazi vyake vilikuwa vinapata unyevu ndani. Akaupanga ungo juu ya mashine yangu bila kuomba ruhusa, kama ambavyo mtu haombi ruhusa kwa jua.

Mtauliza inalia vipi. Ukiiwasha inagonga spika "dum" mara moja, kapasita ya kutokea inajijaza, kisha kimya. Nilitumia spika mbili za inchi nane zilizotoka kwenye maboksi ya kwaya, zinazohitaji nguvu kidogo. Nikaweka wimbo wa zamani wa Tabora Jazz, kutoka kwenye nakala iliyopita mikono mingi, yenye mikwaruzo yake. Nilisikia vizuri sana. Nilisikia mambo ambayo niliapa sijapata kuyasikia. Fundi, ambaye amesikiliza amplifaya kwa miaka zaidi ya thelathini, akapendekeza tupime kwa haki: spika zilezile, wimbo uleule, sauti sawa, yeye anabadilisha kati ya mashine yangu na kibodi kidogo cha 2030 alichokiunga kwa dakika ishirini, mimi nimefumba macho. Mara kumi. Kisha tubadilishane.

Yeye alipatia saba. Mimi nilipatia tano.

Tano katika kumi ni kurusha shilingi. Nilikuwa nimetumia miezi minne, basi mara tatu, sufuria mbili za alumini, na masikio yangu hayana habari. Nilimuuliza yeye alikuwa anasikiliza nini. Alisema alikuwa hasikilizi wimbo, alikuwa anasikiliza mwisho wake, pale sauti inapofifia na wengine wanazima. Kwenye kibodi chake inafifia halafu inakuwa kama inakauka. Kwenye mashine yangu inakwenda mpaka inaishia yenyewe. "Lakini," akaongeza, "nani anasikiliza mwisho?"

Nimefikiri sana kuhusu jibu hilo, hasa nikiwa darasani, ambako kila kitu hupimwa kwa kinachotoka. Mwanafunzi anatoa alama. Duara linatoa gramu. Mgodi wa Geita wa zamani ulifungwa mwaka 1966 kwa kuwa kilichotoka hakikulipa tena, miaka mitatu kabla Linsley Hood hajachapisha mchoro wake, na ulipofunguliwa upya mwaka 2000, kwa mashimo ya wazi yanayoonekana kutoka angani, ni kwa sababu hesabu ilikuwa imegeuka. Sina ugomvi na hesabu hiyo, mshahara wangu na sare za watoto ninaowafundisha zinatoka humo kwa njia moja au nyingine. Ila nadhani nilihitaji kuwa na kitu kimoja ndani ya nyumba ambacho nguvu yake karibu yote inakwenda kwenye kuwa tayari. Baba yangu alikuwa fundi wa njia ya reli. Usiku mwingi kazi yake ilikuwa kukaa macho karibu na taa, hata kama treni haipiti. Hakuna aliyewahi kumpa risiti ya kukaa macho.

Mke wangu alileta hesabu ya aina nyingine. Pande mbili za mashine ni wati 65, na upotevu wa transfoma fanya 80 ukutani. Saa nne kila siku, theluthi moja ya uniti hivi. Kwa mwezi, uniti kumi. Nyumba yetu, pamoja na mayu na mpangaji wa chumba cha mbele, ilikuwa inatumia 68. Mteja mdogo wa TANESCO asiyevuka uniti 75 kwa mwezi ana bei yake ya chini. Akivuka, anahesabiwa na wakubwa. Sitini na nane na kumi ni sabini na nane. Mke wangu aliandika namba hizo tatu nyuma ya daftari langu la mahudhurio, akapiga mstari chini yake, na hakuandika kitu kingine.

Tukaafikiana Jumamosi na Jumapili.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na mbili umeme ulikatika saa tatu usiku, wimbo katikati. Sabufa ya jirani iliburuza neno moja zima kabla ya kuzima. Yangu ilikata palepale, kwa kuwa wale wawili kwenye kamba walizinywa kapasita kavu ndani ya nusu sekunde. Makarasha nayo yakasimama. Nilikaa gizani na kiganja kwenye mapezi, na joto lilikuwapo bado, nikasinzia kwenye kiti, kisha nikaenda kulala nikiwa nimesahau swichi.

Niliamka alfajiri kwa mlio wa LUKU ikidai tokeni. Umeme ulikuwa umerudi saa ngapi sijui. Simu iliyokuwa inapiga muziki ilikuwa imezima kwa kukosa chaji. Kwenye giza la chumba kile kitaa chekundu cha mashine kilikuwa kinawaka, na nilipoweka sikio kwenye spika sikusikia kitu, hata mngurumo. Nilipima katikati. Ilisoma 13.5 kamili, na hakukuwa na karasha lililowaka. Uniti zilizobaki zilikuwa 1.2.

Mayu alikuwa ameshaamka, anafagia uwanja. Aliingia, akachukua tobolwa moja kutoka kwenye ungo, akalivunja. Lilitoa mlio kama wa kijiti kikavu.

"Mwangaluka, mwalimu," alisema, akanipa nusu. "Leo yamekauka vizuri."